Ubaguzi wa umri katika ajira nchini Tanzania

Ubaguzi wa umri katika ajira ni hali ya mtu kunyimwa kazi, cheo, mafunzo au masharti sawa ya kazi kwa sababu ya umri wake, si kwa sababu ya uwezo wake. Mara nyingi hutajwa kuhusu watu wanaodhaniwa kuwa wamezeeka mno kwa kazi fulani, lakini vijana nao hukumbwa nao, hasa wanapokataliwa kwa madai kwamba bado hawajakomaa.

Nchini Tanzania ubaguzi huo umekatazwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Hata hivyo umri wa miaka 45 umebaki kuwa mpaka muhimu kwa anayeomba kwa mara ya kwanza ajira ya kudumu serikalini, na baadhi ya waajiri binafsi hutaja mipaka ya chini zaidi katika matangazo yao. Kwa upande mwingine, kijana aliyemaliza masomo hutakiwa kuonyesha miaka ya uzoefu ambayo hajapata nafasi ya kuikusanya. Hivyo muda ambao mtu huhesabiwa kuwa na umri "unaofaa" ni mfupi kuliko maisha yake ya kazi, na kila mwaka anaokaa bila ajira hupunguzwa kwenye muda huo.

## Maana na aina

Ubaguzi wa umri huweza kuwa wa moja kwa moja au usio wa moja kwa moja.

Ubaguzi wa moja kwa moja huonekana pale tangazo la kazi linapotaja umri bila sababu inayotokana na kazi yenyewe, kwa mfano kudai mpokeaji wageni awe na miaka kati ya 20 na 28. Huonekana pia pale mwombaji anapoambiwa kwenye usaili kwamba ofisi inataka "damu changa".

Ubaguzi usio wa moja kwa moja hautaji umri, lakini sharti lililowekwa huwaondoa watu wa rika fulani. Mwajiri anayetaka waliohitimu ndani ya miaka 2 iliyopita tu huwaacha wengi waliosoma zamani, hata kama wana ujuzi uleule. Mwajiri anayedai uzoefu wa miaka 5 kwa kazi ambayo mtu anaweza kuifundishwa kwa miezi michache huwaacha vijana.

Si kila mpaka wa umri ni ubaguzi. Sheria ya Tanzania inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi za hatari kama zile za migodini. Mipaka hiyo ipo kwa ajili ya kumlinda mtoto. Vilevile sheria inamruhusu mwajiri kutofautisha waombaji kwa kigezo ambacho ni hitaji la msingi la kazi yenyewe.

## Asili ya dhana

Dhana ya ubaguzi wa umri ilipewa jina mwaka 1969 na Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani aliyeshughulikia maisha ya wazee. Aliulinganisha na ubaguzi wa rangi na wa jinsia. Miaka 2 kabla ya hapo, yaani mwaka 1967, Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi na waombaji kazi wenye umri wa miaka 40 hadi 65.

Katika ngazi ya kimataifa umri ulichelewa kutambuliwa. Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1958, unaokataza ubaguzi kazini, ulitaja rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa na asili ya mtu, lakini haukutaja umri. Pendekezo Na. 162 la mwaka 1980 ndilo lililozungumzia wafanyakazi wenye umri mkubwa. Tanzania iliridhia Mkataba Na. 111 mwaka 2002.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba duniani mtu 1 kati ya 2 ana mtazamo wa kibaguzi dhidi ya wazee.

## Sheria

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 22, inatambua haki ya kila mtu kufanya kazi, pamoja na haki ya kila raia kupata fursa sawa ya kushika nafasi ya kazi. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, lakini umri haumo katika orodha yake ya mambo yanayokatazwa kuwa msingi wa kumbagua mtu.

Pengo hilo lilizibwa na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Kifungu hicho kinautaja umri pamoja na rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, hali ya ndoa na mengineyo. Mambo 4 katika kifungu hicho yana uzito kwa mtafuta kazi:

* Neno "mwajiriwa" humjumuisha pia mwombaji kazi. Kwa hiyo ulinzi huanza kabla ya mkataba kusainiwa.
* Taratibu zinazohusika ni pamoja na matangazo ya kazi, vigezo vya kuchagua waombaji na mchakato wa uteuzi.
* Wakala wa ajira huhesabiwa kama mwajiri. Hawezi kujitetea kwamba ametekeleza tu maagizo ya mteja wake.
* Mlalamikaji akionyesha dalili za awali za ubaguzi, ni wajibu wa mwajiri kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea au kwamba tofauti aliyoweka inaruhusiwa na sheria.

Kwa sehemu kubwa Sheria hiyo haiwahusu askari wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa, ingawa kifungu cha 7 kinawahusu. Vyombo hivyo huweka mipaka ya umri ya chini sana kwa wanaojiunga, kwa kawaida chini ya miaka 30 kwa ngazi za kuanzia.

## Mpaka wa miaka 45

Ajira nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kwa kawaida matangazo yake huwataka waombaji wawe raia wa Tanzania wenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa wale ambao tayari ni watumishi wa serikali.

Hesabu ya mpaka huo huoana na ile ya pensheni. Mtumishi wa umma huruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Ili apate pensheni ya kila mwezi kutoka Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ulioanzishwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF, anapaswa kuwa amechangia kwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Anayeanza kazi akiwa na miaka 45 huifikisha miaka hiyo 15 pale anapotimiza 60. Anayeanza baadaye hawezi kuikamilisha, isipokuwa awe amechangia mahali pengine hapo awali.

Kwa maana hiyo mpaka huo ni kipimo cha muda wa kuchangia kuliko kipimo cha uwezo. Hoja hiyo haimsaidii sana mtu wa miaka 46 anayehitaji mshahara wa sasa kuliko pensheni ya baadaye. Njia iliyobaki kwake serikalini ni ajira ya mkataba, pale inapotangazwa.

Umri wenyewe wa kustaafu haulingani kwa kazi zote. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60 na Jaji wa Mahakama ya Rufani akiwa na miaka 65. Kwa maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa katika utumishi wa umma, umri wa lazima uliongezwa hadi miaka 65. Mgombea wa urais anatakiwa awe ametimiza miaka 40, na Katiba haikuweka ukomo wa juu.

### Wanaoathirika zaidi

Mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 7, akapita kidato cha nne, kidato cha sita na shahada ya miaka 3 bila kukatiza, humaliza akiwa na miaka 23 au 24. Huyo ana zaidi ya miaka 20 mbele yake kabla ya kufika 45. Wapo ambao hawakupita njia iliyonyooka:

* Waliosoma kwa hatua. Hawa walianza na cheti, wakafanya kazi, wakarudi kwa stashahada na baadaye shahada.
* Wanawake waliokatiza shule kwa ujauzito au malezi. Tangu Novemba 2021 wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida, na kabla ya hapo wengi walitegemea njia ya elimu ya watu wazima na Mtihani wa Maarifa (QT). Wakihitimu, huwa wamechelewa kwa miaka kadhaa kuliko wenzao.
* Wahitimu waliosubiri ajira. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya kwa muda ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti vya kughushi, na kwa miaka mingi wahitimu wa ualimu, hasa wa masomo ya sanaa, wamekuwa wengi kuliko nafasi. Mwalimu aliyehitimu shahada mwaka 2015 akiwa na miaka 30 alitimiza miaka 40 mwaka 2025. Kama hakuwa ameajiriwa, alibakiwa na miaka 5 tu.

## Sababu

Waajiri wanaowakwepa watu wazima hutaja hofu kwamba wataugua mara kwa mara, watadai mshahara mkubwa, hawataweza kutumia kompyuta au wataondoka karibuni kwa kustaafu. Wanaowakwepa vijana husema kwamba hawatulii kazini. Utafiti wa kazi umeonyesha kwa ujumla kwamba umri pekee hautabiri vizuri utendaji wa mtu. Tofauti kati ya watu wa rika moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya rika na rika.

Ubaguzi huo hutokea hata kabla ya usaili. Mwaka 2019 mwanauchumi David Neumark na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani kwa kutuma maombi ya kazi zaidi ya 40,000 ya waombaji wa kubuni waliotofautiana umri. Wanawake walioonekana kukaribia umri wa kustaafu waliitwa mara chache kuliko vijana wenye sifa zinazolingana nao.

Katika jamii ya Waswahili ipo sababu nyingine, nayo ni heshima yenyewe. Methali kama "Jungu kuu halikosi ukoko" na "Penye wazee haliharibiki neno" huwasifu watu wazima kwa maarifa yao. Lakini msimamizi wa miaka 28 anayemwamkia mtu "shikamoo" kila asubuhi huona tabu kumtuma, kumsahihisha au kumwandikia barua ya onyo. Baadhi hukwepa tabu hiyo kwa kutomwajiri kabisa. Mwombaji mwenyewe naye huweza kuona aibu kupanga foleni ya usaili pamoja na watu wa rika la wanawe, akaacha kuomba kabla hajakataliwa.

## Morogoro na Milima ya Uluguru

Mji wa Morogoro, ulio chini ya Milima ya Uluguru, una historia inayoonyesha vizuri tatizo hili.

Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali ilijenga au kupanua viwanda mjini humo, vikiwemo vya ngozi, viatu, turubai, nguo na magunia. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, lakini hakikuwahi kukaribia kiwango hicho na uzalishaji ulikoma mwaka 1990. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yalibinafsishwa na viwanda kadhaa vilifungwa au kupunguza wafanyakazi. Kijana aliyeingia kiwandani mwaka 1980 akiwa na miaka 25 alikuwa na miaka 35 mwaka 1990, akiwa na ujuzi wa mashine ambazo hazikuwa zikifanya kazi tena. Sheria ya kazi iliyokataza ubaguzi wa umri ilikuja mwaka 2004, wakati kijana huyo akiwa na miaka 49.

Leo Morogoro inajulikana zaidi kwa vyuo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilianzishwa mwaka 1984, na Chuo Kikuu Mzumbe, kilichotokana na Chuo cha Uongozi wa Maendeleo (IDM), kilipata hadhi hiyo mwaka 2001. Vipo pia Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan na Chuo cha Ualimu Kigurunyembe. Kila mwaka wahitimu wapya huongezeka mjini, hivyo mtu mzima anayetafuta kazi ya ofisini hushindana na vijana waliotoka darasani jana.

Milimani mpangilio wa umri ni tofauti. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na kwa desturi ardhi ya ukoo husimamiwa na wazee wa ukoo. Huko ni kijana anayesubiri kugawiwa shamba, na wengi huteremka mjini kutafuta kazi. Anayekosa ajira mjini hadi umri mkubwa mara nyingi hurudi kwenye kilimo, kwa mfano cha mbogamboga na matunda huko Mgeta au cha ndizi na viungo huko Kinole na Matombo. Kilimo hakimwulizi mtu cheti cha kuzaliwa, lakini miteremko ya Uluguru inahitaji nguvu, na mkulima wa kawaida hana mwajiri wa kumchangia katika mfuko wa pensheni.

## Njia za kukabiliana

### Kwa waombaji

Kuficha umri si njia inayofaa. Maombi ya serikali huhitaji cheti cha kuzaliwa na namba ya kitambulisho cha Taifa, na kutoa taarifa za uongo ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi baada ya miaka mingi. Njia zinazotumika ni hizi:

* Kusoma tangazo kwa makini. Mwombaji hutazama kama ukomo wa umri unahusu ajira ya kudumu tu au pia ya mkataba, na kama waliomo serikalini wameondolewa. Mtu anayekaribia miaka 45 hulazimika kuzipa nafasi za serikali kipaumbele kabla ya zile za binafsi, kwa kuwa mlango huo ndio unaofungwa kwanza.
* Kuandika wasifu unaoanza na kazi za karibuni. Orodha ndefu ya kila kazi tangu ujana huvuta jicho kwenye miaka. Maelezo ya kazi za miaka 10 iliyopita, yakitaja matokeo yaliyopatikana, huvuta jicho kwenye uwezo.
* Kuonyesha kwamba ujuzi ni wa sasa. Cheti cha mafunzo ya karibuni, hata ya muda mfupi, hujibu hofu ya kompyuta kuliko maneno. Mkoani Morogoro mafunzo hayo hupatikana katika vyuo vya VETA na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Bigwa.
* Kurasimisha ujuzi. VETA huwapima mafundi waliojifunza kazi mitaani, kama useremala, uashi, ufundi magari na upishi, na kuwapa vyeti. Fundi wa miaka 50 ambaye hakuwahi kukaa darasani huweza kupata karatasi ambayo mwajiri anaitaka.
* Kujibu hofu ya msimamizi. Mwombaji anayeeleza kwenye usaili, kwa mfano halisi, jinsi alivyofanya kazi chini ya mtu mdogo kwake humwondolea mwajiri wasiwasi ambao pengine asingethubutu kuutaja.
* Kwa vijana, kukusanya uzoefu unaoandikwa. Mafunzo ya utarajali, uanagenzi na kazi za kujitolea huhesabiwa pale yanapothibitishwa kwa barua. Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA) huwaunganisha wahitimu na waajiri kwa mafunzo kama hayo.

### Njia ya malalamiko

Anayeona amebaguliwa na mwajiri binafsi huweza kufungua shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), iliyoanzishwa na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004. Shauri lisilohusu kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na lile la kuachishwa kazi isivyo halali ndani ya siku 30. Pande zote huanza kwa usuluhishi, na ukishindikana shauri huendelea kadiri sheria inavyoelekeza.

Ugumu mkubwa ni ushahidi, kwa kuwa waombaji wengi huambiwa tu kwamba hawakuchaguliwa. Nakala ya tangazo, ujumbe wa simu, barua ya kukataliwa na kumbukumbu ya tarehe na maneno ya usaili ndivyo vinavyoweza kuonyesha zile dalili za awali zinazotajwa na kifungu cha 7.

### Kujiajiri

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo nao una mstari wa umri. Chini ya kanuni za mwaka 2019 kijana alikuwa mtu wa miaka 18 hadi 35, ilhali kundi la wanawake halikuwa na ukomo wa juu. Kwa hiyo mwanamume asiye na ulemavu aliyevuka miaka 35 hakuwa na kundi la kuingia.

## Zanzibar na Kenya

Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005. Mwezi Aprili 2016 ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa kila mkazi mwenye miaka 70 au zaidi, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Kiwango cha kuanzia kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mpango huo hautoi kazi, lakini unamhakikishia kipato kidogo mtu aliyekosa miaka ya kuchangia.

Nchini Kenya umri umetajwa katika Katiba yenyewe: ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kwa msingi wa umri, na ibara ya 57 inahusu haki za wazee. Mwaka 2009 nchi hiyo iliongeza umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60.

## Tazama pia

* Ajira
* Haki za binadamu
* Morogoro (mji)
* Pensheni
* Ubaguzi
* Uzee